Majivu Chini ya Dungusi

Ponciano Torres alikuwa amekuja na koleo. Alilibeba begani tangu barabarani, na kila Mpelelezi Aurelia Félix alipolitazama, alijifanya hajui linatazamwa.

"Chimba tu hapo, Mpelelezi, kisha utaniambia," alisema. "Mhalifu hafichi kitu mbali na macho yake."

"Weka chini hilo koleo."

"Naliweka. Lakini nimeshakwambia."

Mbele yao dungusi lilisimama chini ya mti wa miiba wenye gome la kijani. Lilikuwa sahuaro changa, nguzo moja isiyo na mkono hata mmoja, na kilele chake kilimfika Aurelia kifuani. Kuzunguka shina udongo ulikuwa umetifuliwa si siku nyingi zilizopita, kisha ukafunikwa na majivu. Jua la Juni lilikuwa limeshapanda. Kutoka pale hadi baharini hapakuwa na nyumba ila moja tu, ya Bibi Cleofas, mama mkubwa wa Ponciano, na hata moshi wa jirani haukuonekana.

"Anza mwanzo," Aurelia alisema. "Polepole."

"Mwanzo gani tena? Si nilishaandikisha yote kule mjini Hermosillo?"

"Nataka niyasikie kinywani mwako."

Ponciano akavuta pumzi. Alikuwa mtu wa kusema, na kuombwa aseme kulimfurahisha kuliko alivyotaka kuonyesha.

"Haya. Elías, mtoto wa pekee wa mama mkubwa, aliondoka kwenda mashamba ya matikiti huko kaskazini, mimi sijaota hata ndevu. Hakuleta barua, hakuleta salamu. Mwezi uliopita likatokea jitu kwa miguu, gunia begani, na kisu cha Elías kiunoni, kile chenye mpini mweusi alichochongewa na baba yake. Mama mkubwa akatangaza kijiji kizima kwamba mwanawe karudi. Nikaenda kumwona. Nikamwambia, kama wewe ni ndugu yangu kweli, nionyeshe dungusi lako."

"Akakuonyesha hili."

"Bila haya! Na mama mkubwa kando yangu anaitikia kwa kichwa. Nakwambia yule kamuua Elías, kachukua kisu chake, na sasa kaja kumchukua na mama yake."

"Na gunia?"

"Alipofika lilikuwa zito, anahema nalo. Nilipokwenda tena lilikuwa tupu, linaning'inia ukutani. Kilichokuwemo kiko hapa chini, mimi na wewe tumekikanyaga."

Aurelia akarudi nyuma hatua moja bila kutaka. Pwani ile kila aliyezaliwa kwenye kambi za wavuvi alikuwa na dungusi lake. Kondo la nyuma lilizikwa chini ya dungusi refu, majivu yakamwagwa juu ili mbweha wasilifukue, na mtoto akishapata akili alipelekwa akaonyeshwa. Tangu hapo lilikuwa lake, la kulitembelea mpaka mwisho wa siku zake. Majivu aliyokuwa akiyatazama yalikuwa mapya, meupe, hayajanyeshewa hata mara moja.

"Wewe usijali," Ponciano alisema kwa upole wa kuudhi. "Najua huna lako. Kuzaliwa hospitalini si kosa la mtu."

Maneno yale yalimchoma, maana yalikuwa kweli. Mama yake alikuwa mtoto wa pwani hii, lakini yeye mwenyewe alizaliwa mjini, na kondo lake lilikwenda lilikokwenda, kwenye ndoo ya wauguzi. Ndiyo sababu ofisi ilimtuma yeye: alijua lugha ya hapa na hakuwa wa hapa. Akachuchumaa asionekane uso.

"Elías angekuwa na umri gani sasa?"

"Anakaribia hamsini."

"Inama uangalie kileleni. Unaona kovu lolote la ua?"

Ponciano akainama huku akichunga miiba. "Sioni."

"Halijawahi kutoa ua hata moja. Na mti huu uliolilea, uko hai au umekufa?"

"Si una majani? Uko hai."

"Sahuaro huanza kwa mbegu iliyoangushwa na njiwa chini ya mti. Miaka kumi ya kwanza halizidi kidole gumba, limejificha kivulini. Likishakuwa kubwa, linakunywa maji yote, na mti uliolilea ndio unaokufa. Sasa niambie. Elías alipozaliwa, hili lilikuwa wapi?"

Ponciano alifikiri, midomo ikimcheza. "Halikuwepo," alisema, kisha akapiga paja. "Si ndivyo nilivyosema? Tapeli! Kaona dungusi, kaonyesha dungusi!"

"Tapeli hakujua. Na mama yako mkubwa? Ameangua matunda ya sahuaro tangu ana meno ya utoto. Anaweza kukosea umri wa hili?"

Ponciano akatikisa kichwa.

"Kwa hiyo alidanganya," Aurelia alisema. "Nataka kujua kwa nini. Koleo linabaki hapa."

*

Bibi Cleofas aliwapokea chini ya kibanda cha matawi mbele ya nyumba, bila kuinuka, kikapu alichokuwa akikisuka kimekaa mapajani. Alikuwa mwembamba, amekauka kwa jua na chumvi, na sindano yake ya mfupa wa paa haikusimama hata alipowatazama.

"Huyu ndiye askari wako, Ponciano? Nilidhani utaniletea mwanamume mwenye masharubu."

"Ni mpelelezi, mama mkubwa."

"Na wewe, mara ya mwisho kunitembelea ilikuwa lini, kabla hujapata kesi?"

Ponciano akakuna shingo. Cleofas akamgeukia Aurelia, akamkagua toka viatu mpaka nywele.

"Wewe ni mtoto wa yule aliyeolewa mjini. Yule aliyekuwa akicheka mpaka mbwa wanabweka."

"Ndiye, Bibi."

"Masikini."

Hakuna aliyelitaja jina lake. Mama yake Aurelia alikuwa amekufa, na hapa pwani jina la aliyekufa halitajwi tena. Angebaki kuwa yule aliyecheka, kwa muda wote ambao kungekuwa na mtu wa kumkumbuka.

Mwanamume alikuwa ameketi ukingoni mwa kivuli, akishona wavu, na kuushona vibaya. Alikuwa na mabega ya mbeba mizigo na macho ya mtu asiyelala vizuri. Aurelia akavuta ndoo, akaigeuza, akaketi mbele yake.

"Jina lako?"

"Elías."

Nyuma yao kitu kilianguka. Cleofas alikuwa ameangusha bakuli la maji ya kulowekea nyuzi, na sasa alikuwa akiyatazama maji yakinywewa na mchanga.

"Mikono imezeeka," alisema. "Endeleeni."

"Ulikuwa wapi miaka yote hii?"

"Caborca. Kabla ya hapo popote palipokuwa na tikiti la kuvuna."

"Unaongea ya mjini tu. Lugha ya mama yako imekwenda wapi?"

"Imenitoka. Nimekaa sana na watu wa kule."

"Boti ya baba yako ilikuwa ya rangi gani?"

"Buluu, ubavu mmoja mwekundu, rangi ilimwishia."

"Mbwa wenu?"

"Alikuwa na mguu mfupi. Aliliwa na mbweha."

Alijibu yote, upesi, bila kukosea, kama mtoto aliyekaririshwa hesabu na mama yake jikoni. Ponciano alikuwa akinuna zaidi kwa kila jibu sahihi. Aurelia akanyoosha mkono.

"Kisu."

Mtu yule akakifungua kiunoni, akampa pamoja na ala yake. Aurelia akaigeuza ala mara mbili.

"Umekivaa kulia. Hii ala imeshonwa kwa mtu wa mkono wa kushoto. Ona kitanzi kilivyolala."

"Nilibadilika."

"Mtu hubadili dini. Mkono habadili." Akamsogelea, akashusha sauti. "Mwenye hiki kisu ulimuua?"

Yule bwana akainua uso. Lilikuwa swali la kwanza ambalo hakuwa na jibu lililoandaliwa.

"Hapana," alisema.

Aurelia akamrudishia kisu. Aliinuka kunyoosha mgongo, na hapo akakiona kitu kilichoning'inia kwenye nguzo, chombo cha kahawia kigumu, mdomo wa mviringo, kimejaa nyuzi za kusukia. Alikijua. Kigong'ota huchimba kiota chake ndani ya sahuaro, na dungusi hujitibu kwa kulizungushia shimo ngozi ngumu ya kwake mwenyewe. Dungusi likifa, nyama yote ikaoza, shimo hubaki peke yake, kama chungu.

"Hiki kimetoka dungusi lipi, Bibi?"

"Lililoanguka."

"Liko wapi?"

Sindano ilisimama kidogo, ikaendelea. "Nyuma ya kilima. Nenda kaone, macho unayo."

*

Alikwenda peke yake. Ponciano alitaka kufuata, akakatazwa, akabaki akimlinda mshukiwa kwa kumkodolea macho.

Njia ilianzia nyuma ya nyumba, na jambo la kwanza Aurelia aliloliona ni kwamba ilikuwa njia kweli. Ilikuwa imekanyagwa miaka mingi, imezama ardhini, na upana wake ulikuwa wa mtu mmoja. Hakuna mbuzi aliyepita wala gari. Ilizunguka kilima, ikashuka bondeni ambako madungusi makubwa yalisimama yametawanyika, kila moja mbali na mwenzake, matunda mekundu yamepasuka vileleni na njiwa wakigombania. Kisha ikafika mwisho.

Dungusi lile lilikuwa kubwa enzi zake. Sasa zilikuwa zimebaki mbavu zake tu, fito ndefu zilizokauka, zimelala kuelekea bara kama upepo wa kimbunga ulivyoziangusha. Katikati ya mbavu palikuwa na pengo ambapo mtu alichomoa kiota cha kigong'ota. Na penye shina, mahali dungusi liliposimama, palikuwa na jiwe bapa la kukalia, limelainika kwa kukaliwa. Kando ya jiwe kulikuwa na makombe ya konokono wa baharini, mengi, mengine meupe kwa uzee na mengine bado na rangi. Mtu alikuwa akiyaleta moja moja.

Aurelia akaketi juu ya jiwe. Hakuhitaji kuuliza hili lilikuwa la nani. Mwanamke alikuwa na mtoto mmoja, mtoto akaondoka, na kitu pekee kilichobaki cha kutembelewa kilikuwa dungusi lake. Akaja, akaketi, akazungumza nalo. Kimbunga kikaliangusha, na bado akaja. Alibeba nyumbani kile tu ambacho hakikuoza. Aurelia alimwonea huruma, na akajionea huruma na yeye, maana hata mfupa wa dungusi wa kuketi kando yake hakuwa nao. Upepo wa baharini ulipita kwenye fito ukatoa mlio mwembamba, basi. Hakuna mtu aliyesikia isipokuwa yeye.

Kisha mpelelezi akarudi kazini. Makombe mapya zaidi yalikuwa na vumbi la wiki kadhaa. Tangu yule mtu alipofika, Cleofas hakuwa amekuja hapa tena. Njia iliyokuwa ikitumika sasa ilikuwa ile ya kwenda kwa dungusi changa.

Akakumbuka bakuli lililoanguka. Akaipitia asubuhi yote tena, neno kwa neno. Ponciano alikuwa amelitaja jina la Elías kwa mdomo mpana, kwa kuwa alikuwa akidhani tu, hakuna aliyemletea habari ya kifo. Yule bwana alilitaja. Aurelia mwenyewe alilitaja. Na Cleofas? Mama aliyemngoja mwanawe miaka ishirini na ushee, na hatimaye kampata, hajatamka jina lake hata mara moja, kama jina la aliyekufa.

Aurelia akasimama. Tangu hapo na yeye hakulitamka tena, hata moyoni.

*

Aliporudi, samaki walikuwa wakikaangwa na tortilla, chapati za huku, zimefunikwa kwa kitambaa. Yule bwana alikuwa amekwenda kukusanya kuni nyuma kidogo ya nyumba. Ponciano alimrukia.

"Umeona nini? Tunachimba?"

"Keti, Ponciano." Akamgeukia mwanamke mzee. "Bibi, chakula kiko tayari?"

"Kiko tayari."

"Basi mwite mwanao aje ale. Mwite kwa jina, nisikie kwa masikio yangu. Ukishamwita, nitaandika kwamba mama amemtambua mtoto wake, nitapanda gari langu, na hakuna atakayekusumbua tena."

Cleofas akaweka kijiko chini. Mafuta yaliendelea kulia sufuriani. Ponciano alimtazama mama yake mkubwa, kisha mpelelezi, na taratibu uso wake ukabadilika. Alikuwa mtu wa maneno mengi lakini hakuwa mjinga, na alikuwa wa pwani hii.

"Mama mkubwa," alisema kwa sauti ndogo. "Mwite."

Mzee alifungua mdomo. Akajaribu, na machozi yakaanza kumtoka kabla ya sauti. Aurelia alijichukia kwa wakati ule, lakini alingoja, ndiyo kazi.

"Usimlazimishe!"

Kuni zilikuwa zimetupwa chini. Yule bwana alikuja mbio, akasimama kati yao, mikono wazi.

"Mwache. Jina langu ni Tomás. Tomás Ibarra. Nifunge pingu, lakini mwache."

"Kaa chini, Tomás," Aurelia alisema. "Mwenzio alikufaje?"

Akakaa palepale mchangani. "Joto. Tulikuwa tunavuna matikiti, msimamizi kakataa tupumzike. Alianguka kwenye mstari, mkono wake bado umeshika tikiti. Hatukuwa na mikataba, hakuna aliyetaka polisi. Tulimzika kando ya mfereji, mimi na wenzangu wawili. Alikuwa ameniambia, nikifa huku, nirudishe. Nikasema ndiyo, kama mtu anavyosema ndiyo." Akajifuta uso kwa mkono. "Mwaka huu wakaanza kupanua mfereji. Nikaenda nikamtoa kabla ya matrekta."

"Gunia," Ponciano alinong'ona.

"Nilikuja kumkabidhi kwa mama yake na kuondoka siku ileile. Sina kwetu pa kurudi, lakini ningeondoka."

"Mimi ndiye niliyemzuia," Cleofas alisema. Sauti ilikuwa imerudi. "Mimi. Nilimwambia, kaa, nitasema wewe ndiye. Nilimfundisha boti, nikamfundisha mbwa. Hakutaka. Nikalia mpaka akataka."

"Kwa nini chini ya dungusi, Bibi?"

"Alianzia chini ya dungusi. Sikuwa na mahali pengine pa kumrudisha. Na lake limeanguka, umeliona. Nikamtafutia changa, ambalo halitaanguka mimi nikiwa hai, wala wewe." Akamtazama Ponciano. "Unataka kuchimba? Chimba. Koleo lako nimeliona."

Ponciano alikuwa akilia waziwazi, kofia imefunika mdomo. "Kwa nini hukuniambia, mama mkubwa?"

"Ungekuja lini, nikwambie?"

Aurelia aliwaacha kidogo, kisha akasema lililompasa kusema.

"Mifupa lazima ionwe na daktari. Nitamleta yeye hapa, hatutaipeleka mjini. Kama hakuna jeraha la kisu wala la risasi, hakuna muuaji ninayemtafuta, ila msimamizi mmoja wa shamba, na huyo nitamtafuta sana. Atarudishwa palepale, Bibi, na majivu juu."

"Na huyu? Utamchukua?"

Aurelia alimtazama Tomás. Alikuwa na haki ya kumchukua, na kwenye kitabu cha sheria pengine lilikuwa jukumu lake.

"Mpaka daktari aje anabaki hapa chini ya ulinzi. Ponciano, wewe ndiye uliyemshtaki. Utalala hapa na kumlinda."

"Hapa? Siku ngapi?"

"Mpaka nitakaporudi. Na hakikisha Bibi ana maji."

Ponciano akaitikia kwa kichwa, bila ubishi. Aurelia alikataa kuketi kula, akaaga, akaelekea kwenye gari. Jua lilikuwa kali juu ya bati lake na barabara ya Hermosillo ilikuwa tupu mpaka macho yanapoishia.

Tomás alikuwa amesimama penye kuni alizozitupa. Hakujua tena akae wapi. Kwenye kivuli kile aliingia kama mtoto wa nyumba, na sasa hakuwa mtoto wa mtu. Aliokota kofia yake, akaipangusa, akaanza kutembea pole pole kuelekea nje, upande wa jua.

"Tomás!"

Hakugeuka. Mwezi mzima alikuwa ameitwa mwanangu, na jina lake mwenyewe alikuwa hajalisikia kinywani mwa mwanamke yule. Cleofas akainuka, akatoka kibandani mpaka jua likampiga usoni, na akaita tena, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, mpaka njiwa wakaruka kwenye madungusi.

"Tomás! Njoo ule, kinapoa."